Kipande cha Moyo Kilichochelewa Kuamka

Halotani ina harufu tamu. Haikabi koo kama eta. Anayeivuta mara ya kwanza hudhani kuna tunda lililoiva kupita kiasi, limefichwa mahali fulani chumbani. Kwa miaka mingi nililaza watu kwa dawa hizo mbili katika hospitali moja ya Kindu, na eta niliipenda, halotani niliiogopa.

Niliiogopa kwa sababu ya chura. Nilipopelekwa Kisangani kusomea kazi ya usingizi, mwalimu wetu alitoa moyo wa chura akauweka kwenye sahani, nao ukaendelea kupiga peke yake, bila chura. Akausogezea kitambaa kilicholowa halotani. Moyo ukapunguza mwendo, ukawa mlegevu, ukipiga kama mtu anayesinzia akitikisa kichwa. Mwalimu akasema, "Muangalie vizuri. Usingizi haiingie kichwani tu. Inaingia na hapa." Nilirudi Kindu na maneno hayo, na kila nilipoifungua ile chupa ya rangi ya kahawia niliweka vidole kwenye mshipa wa mgonjwa na sikuviondoa mpaka mwisho.

Mtu wa kwanza aliyenifanya niifikirie upya aliletwa Jumamosi ya salongo. Siku hizo, chini ya chama kilichotawala nchi peke yake, Jumamosi asubuhi kila raia alitoka na panga na jembe kusafisha barabara, na asiyetoka aliulizwa sababu. Daktari wetu wa upasuaji, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale kwetu, alikuwa akifyeka majani karibu na kituo cha treni. Ndiyo maana alifika hospitalini pamoja na mgonjwa, buti zimejaa matope, panga bado mkononi.

Mgonjwa alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la misumari na mabati karibu na reli. Alikuwa amepanda juu ya lori kuhesabu vyuma vya ujenzi, mguu ukateleza. Chuma kimoja kilichokuwa kimesimama kikamwingia kifuani, kushoto kwa mfupa wa katikati. Wafanyakazi wake walikuwa na akili: hawakukichomoa. Walikikata kwa msumeno, wakaacha urefu wa shibiri moja nje.

Kile kipande cha nje kilikuwa kinacheza. Sijui niseme kwa namna nyingine ipi. Kilikuwa kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka, kwa mwendo wa moyo wake. Mke wake alikuwa amekishika kwa kitambaa cha kichwa, akitembea kando ya machela, mkono wake nao ukipanda na kushuka.

Nilimwambia, "Mama, achilia sasa. Tuko naye."

"Siachilie," akajibu. Hakuwa analia. "Nikishika hivi, nasikia angali anaishi. Nikiachilia nitajuaje?"

Tukaviondoa vidole vyake kimoja kimoja.

Ndani, nilifungua kabati. Ketalari, dawa ya usingizi ya sindano isiyolegeza moyo, ilikuwa imekwisha tangu wiki kadhaa. Eta ilikuwa inangoja treni, na treni ilikuwa inangojwa na kila mtu. Pentotali ya sindano ilikuwapo, lakini mtu ambaye damu imeubana moyo wake namna ile ingemmaliza sindano ikiwa bado mshipani. Ikabaki nusu chupa ya halotani.

"Dokteri," nilisema, "iko hii tu. Na hii inalegeza moyo."

Alikuwa anasugua matope kwenye kucha. Alikiangalia kile chuma kikiinama na kuinuka. "Basi umupe kidogo kidogo, Mama. Bila hiyo atasikia kisu."

Nilimfunika mgonjwa kinyago cha dawa puani. Macho yake yalikuwa kwangu, makubwa, ya mtu anayetaka kuuliza kitu. Alivuta mara saba, labda nane, na kope zikashuka. Nikamwingiza mpira wa kupumulia kooni, nikaanza kumpumulia kwa mvukuto wa mkono, kwa sababu kifua kikishafunguliwa mapafu hayajai hewa yenyewe. Mkono wa kulia kwenye mvukuto, wa kushoto shingoni kwake. Hivyo ndivyo nilivyokaa asubuhi ile yote.

Daktari alifungua kati ya mbavu. Mfuko unaoufunika moyo ulikuwa umevimba kwa damu. Alipoupasua damu ikaruka, kisha akachomoa chuma na kuweka kidole mahali pake. Nilisimama kidogo kwenye ncha za vidole vya miguu, nikauona. Miaka yote nimesikia mioyo ya watu, sikuwa nimewahi kuona wa mtu aliye hai. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na wenye haraka.

Tundu lilikuwa kando kabisa ya mshipa mmoja unaopita juu ya moyo, ule unaoulisha moyo wenyewe. Hangeweza kushona bila kuukata au kuubana. Alipitisha uzi chini yake akaukaza, mshipa ukafungwa, damu ikatulia, akaanza kushona. Alishona taratibu, kwa sababu kila alipochoma sindano moyo ulikuwa umeshahama.

Hapo ndipo nilipoona sehemu iliyokuwa chini ya ule mshipa, eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto, ikibadilika rangi. Ilianza kuwa kama ini, kisha nyeusi zaidi. Kisha ikasimama. Moyo wote ulikuwa unafanya kazi na kile kipande hakikufanya. Wenzake walipojikaza, chenyewe kilitoka nje, kikavimba, kama shavu la mtu anayejazia maji mdomoni. Walipolegea, kikarudi ndani.

Ilikuwa robo saa, pengine zaidi. Daktari alimaliza, akaulegeza uzi. Damu ikapita. Ule weusi ukaondoka mbele ya macho yetu, sehemu ile ikawa nyekundu safi, nyekundu kuliko pembeni. Tungojee, tukawaza, kitaanza.

Hakikuanza.

Damu ilikuwa inapita. Rangi ilikuwa ya nyama hai. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakuja na kuondoka kandokando yake, na chenyewe kimelala hapo katikati. Nje ya dirisha watu wa salongo walikuwa wanaimba nyimbo za chama wakirudi makwao, na koridoni mke wake alikuwa anasali kwa sauti ya chini, neno moja tu, akilirudia.

Daktari alikigusa kwa ncha ya kidole. "Iko na joto," akasema.

"Kimekufa?" nikauliza.

"Hapana. Kitu ya kufa ninaijua. Hii si ya kufa."

"Basi njo nini?"

"Sijue, Mama." Nilisikia hofu kwenye sauti yake, na daktari yule hakuwa mwepesi wa hofu. "Iko hapa, haiko hapa."

Niliuliza kama nifunge halotani. Nilikuwa na hakika ni dawa yangu iliyokilaza, kama moyo wa chura. Lakini nikiifunga yote mgonjwa angeamka kifua wazi. Nikaipunguza, nikaacha kidogo, nikaendelea kupumulia. Sikuangalia saa. Najua tu kwamba mkono wa kulia ulichoka nikahamia wa kushoto, na wa kushoto ulipochoka nikarudi wa kulia, na wakati wote huo tulisimama watu wanne, daktari, mimi na wauguzi wawili, tukikizunguka kile kipande, kama watu wanaomwangalia mtu aliyelala na hawajui kama wamwamshe.

Kisha pembeni, ukingoni kabisa, kikatetemeka. Kidogo sana, jinsi ngozi ya ng'ombe inavyofukuza nzi. Kikatulia. Kikatetemeka tena. Daktari akavuta pumzi kwa nguvu. Kilipofika mahali pa kufuata wenzake, kivivu, kikichelewa kila pigo, akasema, "Tufunge sasa, kabla haijabadilisha mawazo."

Mfanyabiashara aliishi. Lakini siku tatu za kwanza mshipa wake ulikuwa mwembamba, na akigeuka tu kitandani pumzi zinamwishia. Siku iliyofuata upasuaji, mchana, nilipita kumwona. Mke wake alikuwa ameenda kupika uji. Mgonjwa alinishika mkono.

"Mama, ni wewe ulinipa ile harufu tamu?"

"Ni mimi, Baba."

"Niliota nyumba yangu," akasema. Aliongea akipumzika kila maneno mawili. "Vyumba vyote watu wanatembea, wanafanya kazi. Chumba kimoja, hapa upande wa chini, taa iko inawaka. Blanketi iko na joto. Lakini watu wako wamelala macho wazi. Nikaita. Hawakuitika."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kile kipande. Mke wake hakuwa anajua. Sisi wanne wa chumba cha upasuaji hatukuwa tumezungumza hata sisi kwa sisi.

"Kisha wakaamka?" nikamuuliza.

"Wamoja wameamka." Akafumba macho. "Bado muntu mumoja."

Siku ya nne, asubuhi, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anakula ndizi. Kabla sijamsalimu akasema, "Ameamka." Nikamshika mkono. Mshipa wake ulikuwa umejaa, unagonga kama wa mtu anayelima.

Nilimweleza daktari habari ya ile ndoto. Hakucheka. Alichora kitu kwenye daftari la shule alilokuwa anabeba, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kwamba kwa muda ule wote bila damu alitegemea kipande kife kabisa, kigeuke kovu. Hakikufa, kilichelewa tu. Tulikuwa tunailaumu halotani kwa kukilaza. Je, kama ndiyo iliyokiokoa?

"Muntu mwenye kulala hana njaa sana," alisema. "Kama hiyo nyama ilikuwa imelala mbele ya chakula kukatika, pengine haikuumia kama ingekuwa iko macho. Lakini njo mawazo tu, Mama. Muntu mumoja haonyeshi kitu."

Ndipo tukaanza habari ya mbuzi.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na chumba cha zamani cha kufulia nguo, kimeachwa, kina dirisha kubwa la upande wa mto. Siku ambazo hakukuwa na kazi, baada ya chakula cha mchana, tulilaza mbuzi wawili mle: mmoja kwa pentotali peke yake, mwingine kwa halotani, matone machache tuliyoyabana kutoka kwenye ile chupa. Daktari alibana mshipa uleule wa juu ya moyo kwa muda uleule, akaachilia, tukangoja. Kazi yangu ilikuwa kupumulia na kutazama.

Sikuzoea kamwe. Kila mara kile kipande kilisimama, na kila mara kulikuwa na ile saa ya kungoja, damu imerudi na mwenyewe hajarudi. Mbuzi waliofungwa nje, wanaolia mchana kutwa, walikuwa wananyamaza. Labda nilifikiri tu kwamba wananyamaza. Tuliyoyaona ni haya: wote walichelewa, lakini wale wa halotani vipande vyao viliamka mapema zaidi, na vilipoamka vilivuta kwa nguvu. Kuna mbuzi mmoja wa pentotali, tulingoja mpaka giza likafunika maji ya mto Lualaba, na kipande chake hakikutikisika hata mara moja. Daktari aliandika yote. Halafu akaandika chini yake, nilimwona, "Wachache mno. Sijui."

Hatukuwala. Tuliwazika nyuma ya ukuta, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu anayezika mbuzi mzima Kindu lazima aulizwe. Sokoni nilianza kuona wanawake wakiacha nafasi kunizunguka. Jirani yangu, tuliyekuwa tunachota maji pamoja, akaniambia watu wanasema daktari na mama wa usingizi wanajifunza kusimamisha moyo kwa mbali, wameanza na mbuzi.

Basi akaja mkuu wa chama wa mtaa wetu. Alikuwa mtu mzito wa miaka hamsini na kitu, koti lake la abakosi, vazi rasmi la enzi hizo, limefungwa mpaka shingoni katika lile joto, nembo ya chama kifuani. Alitukuta kazini, mbuzi amefunguliwa kifua.

"Sitwayen Dokteri," akasema, kwa lile neno la Kifaransa la raia tuliloamriwa kuitana, "raia wanauliza."

Daktari hakuinua kichwa. "Karibu, Sitwayen. Ingia uangalie mwenyewe, kisha uwaambie."

Nilimpa kiti. Hakukaa. Daktari alikaza uzi, na kwa maneno rahisi akamweleza kila hatua. Mkuu alikitazama kile kipande kikiwa cheusi, kikasimama. Alitazama uzi ukilegezwa na rangi ikirudi. Tukangoja. Nje hakukuwa na sauti yoyote, hata ya mitumbwi. Nilipomtazama tena alikuwa ameketi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya koti, upande wa kushoto.

"Hiyo yenye kusimama," akauliza taratibu, "mwenyewe anaweza kuisikia?"

Daktari akageuka. "Wewe unasikia nini, Sitwayen?"

"Mimi sikusema ninasikia." Kile kipande kilikuwa bado hakijaanza. "Nikipanda kutoka bandarini, kuna muntu anakuja kunikalia hapa. Nikisimama, anatoka. Ni kama hivyo?"

"Ni ndugu yake," daktari akasema. "Damu haitoshi kupita."

Kilipoanza kutetemeka pembeni, mkuu alisimama, akatoka bila kuaga. Kesho yake tukapata karatasi yenye muhuri: kazi ya wanyama isimame. Baada ya mvua chache daktari akahamishwa kwenda mkoa mwingine, bila sababu kutajwa. Aliondoka kwa treni, na daftari lake ndani ya begi. Aliniachia chupa ya halotani, na ndani yake kilichobaki kilikuwa kama vidole viwili. Akaniambia, "Usiitupe. Na usiiamini sana."

Mwaka uliofuata mkuu wa chama aliletwa kwetu. Henia yake ilikuwa imejifunga, utumbo unabanwa, anatapika. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Daktari mpya alinawa mikono akaniachia mimi kuchagua usingizi.

Eta ilikuwepo safari hii, chupa mpya, eta yangu niliyoipenda. Lakini eta huuendesha moyo mbio, na nilikuwa nimeona mkono wake ukiingia ndani ya koti. Nilisimama mbele ya kabati mpaka daktari akaniita mara mbili. Nikachukua ile chupa ya kahawia ya halotani.

Mkuu aliinusa, akaitambua. "Ni ile ya mbuzi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Haya," akasema, akavuta.

Katikati ya kazi mshipa wake ukajikwaa. Ulipiga, ukaruka, ukapiga, ukawa uzi chini ya vidole vyangu. Midomo ikawa ya majivu. Daktari aliuliza kuna nini, nikamwambia amalize haraka. Kila kitu nilichofundishwa kilinisukuma kuifunga dawa. Niliipunguza, nikampa oksijeni nyingi, na sikuifunga yote. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na mbuzi wachache tuliozika nyuma ya ukuta, na mtu mmoja aliyeota nyumba. Nilipumulia na kuhesabu pumzi. Mshipa ulikaa chini kwa muda mrefu sana, kisha ukaanza kujaa, kidogo kidogo.

Alipoamka alikuwa wa kijivu bado, lakini macho yake yalikuwa maangavu. Alinitafuta mpaka akaniona.

"Umekiona kilivyosimama?"

"Hatukufungua kifua, Baba. Tumefungua huku chini tu."

"Mimi nilikiona," akasema. "Kilisimama. Kisha kikaanza pembeni."

Ni kweli alikuwa ameona kwa mbuzi. Inawezekana aliota alichokiona. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na mchana naamini.

Miaka baadaye, katika mafunzo fulani Bukavu, mkufunzi alituambia kwamba huko kwenye hospitali zenye vyombo vikubwa wameona jambo hilohilo: mvuke uleule unaoudhoofisha moyo unaweza kuusaidia kupona, ukiwa umenyimwa damu kwa muda, na bado wanabishana kwa nini. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi niliacha kalamu. Nilitamani daktari yule awe amekaa karibu nami. Sijapata habari zake tena.

Mkuu wa chama aliishi. Walimweka mwingine mahali pake, naye hakuonekana kuhuzunika. Tulikuwa tunakutana asubuhi njiani, akipanda kutoka bandarini kwa ile barabara ndefu isiyo na mwinuko mkali, bila koti, shati limefunguliwa shingoni. Kila mara mahali fulani alisimama ghafla, akaweka kiganja ukutani, akatega sikio, kama mtu anayesikia hatua ndani ya nyumba yake. Nami nilisimama. Akishaitikia kwa kichwa, kama aliyejibiwa kutoka ndani, tuliendelea kutembea.